Börje Salming: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Beki wa Kiruna

Mashabiki wa hoki ya barafu wanapomtaja Börje Salming, wengi husema kuwa ndiye Mswidi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya mchezo huo katika Amerika ya Kaskazini. Kauli hiyo imerudiwa hadi ikaonekana haihitaji ushahidi, ilhali si ya kweli. Tarehe 27 Januari 1965, Salming akiwa bado mvulana wa miaka 13 katika mji wa migodi wa Kiruna, kaskazini kabisa mwa Sweden, Ulf Sterner aliingia uwanjani na jezi ya New York Rangers. Alicheza mechi 4, basi. Beki mwingine, Thommie Bergman, alikuwa tayari katika klabu ya Detroit ya ligi hiyo msimu mmoja kabla Salming hajavuka Atlantiki. Salming hakutangulia kufika. Alichowazidi waliomtangulia ni kudumu: misimu 17, mechi 1,148, na alipoiaga ligi hiyo mwaka 1990 alikuwa anakaribia kutimiza miaka 39.

Ni vyema kueleza kwa nini Sterner hakudumu, maana hapo ndipo ilipo mizizi ya dhana ya pili, ile iliyowaumiza Waswidi kwa miaka mingi. Hadi mwaka 1969, kanuni za kimataifa zilizofuatwa Ulaya zilimruhusu mchezaji kumpiga mpinzani kikumbo katika eneo lake la ulinzi tu. Katika NHL, vikumbo vilikuwa halali kila pembe ya uwanja. Tena viwanja vya Ulaya vilikuwa vipana kuliko vya Amerika kwa takriban mita 4, hivyo mchezaji aliyezoea kukwepa kwa kasi alijikuta ghafla hana pa kukwepea. Mtazamaji wa Toronto au Philadelphia hakuyajua hayo; alichokiona ni mtu anayesita kuingia kwenye msukumano, naye akahitimisha kwamba Waswidi ni waoga. Waliitwa kuku. Sisi tungesema kunguru, lakini tusi ni lilelile.

Salming na mshambuliaji Inge Hammarström walijiunga na Toronto Maple Leafs pamoja mwaka 1973, na tusi hilo liliwapokea wote wawili. Katika mechi yake ya pili tu, ugenini Philadelphia, ambako wenyeji walisifika kwa ngumi kuliko kwa pasi, Salming alijikuta anapigana na Dave Schultz, mbabe aliyeogopwa kuliko wote katika ligi. Hakukimbia. Wapinzani waliendelea kumpiga magongo miguuni na mikononi mwaka baada ya mwaka, naye akaendelea kujitupa kwenye barafu ili auzuie kwa mwili wake mkwaju wa kile kisahani kigumu cha mpira kinachochezewa. Mtu anayeulalia mkwaju wa namna hiyo kwa hiari yake haitwi mwoga kwa lugha yoyote ninayoijua.

Papo hapo kuna kosa dogo ninalolichukia zaidi, pengine kwa sababu limevikwa mzaha. Mmiliki wa Maple Leafs, Harold Ballard, alipata kusema kuhusu mchezaji wake kwamba angeweza kuingia kwenye kona ya uwanja akiwa na mayai sita mfukoni na asivunje hata moja. Wapo wanaosimulia kana kwamba Salming ndiye aliyesemwa. Sivyo. Ballard alimlenga Hammarström, na hata kwake yeye maneno hayo hayakuwa ya haki, kwani alikuwa mfungaji aliyeajiriwa kwa kasi yake.

Wengine hudhani Salming alichaguliwa katika usajili wa kila mwaka ambao klabu za NHL hugawana vijana, kama wafanyavyo nyota wa leo. Hakupitia huko. Alikuwa na klabu ya Brynäs ya mji wa Gävle, aliyotwaa nayo ubingwa wa Sweden mwaka 1971 na 1972, ndipo mpelelezi wa vipaji wa Toronto, Gerry McNamara, alipomwona na kumshawishi kutia saini.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, neno beki huleta picha ya mtu wa kuondosha hatari tu. Salming alitoa pasi 620 za mabao akiwa na Maple Leafs, na hakuna mchezaji wa nafasi yoyote katika historia ya klabu hiyo aliyemfikia. Msimu wa 1976–77 pekee alifunga mabao 12 na kutoa pasi 66. Mara mbili alishika nafasi ya pili katika kura za tuzo ya beki bora wa ligi.

Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, hakulipata, na wapo wanaolitumia hilo kumpunguzia hadhi. Mwaka 1978 Toronto ilifika nusu fainali baada ya kuwatoa New York Islanders katika mechi 7, lakini Salming alikuwa ameshaumizwa jichoni na gongo katika mfululizo huohuo. Kombe ni mali ya kikosi kizima, na vikosi alivyochezea Toronto mara nyingi vilikuwa dhaifu. Mwaka 1996 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Hoki, na kwa hilo kweli alikuwa Mswidi wa kwanza.

Picha ya uso wake uliojaa nyuzi imewafanya baadhi ya watu waamini kwamba jeraha lile lilimaliza safari yake. Novemba 1986, katika vurumai mbele ya goli, kiatu chenye chuma cha mchezaji wa Detroit kilimkata kuanzia juu ya jicho hadi karibu na mdomo, akashonwa nyuzi zaidi ya 200. Alirudi uwanjani msimu uleule. Aliichezea Toronto hadi 1989, akaenda Detroit kwa mwaka mmoja, akarudi nyumbani kuichezea AIK ya Stockholm, na mwaka 1992 alikuwa kwenye Olimpiki ya Albertville akiwa na miaka 40.

Wapo pia wasemao kwamba Toronto ilimpenda baada ya kustaafu, kama ada ya kuwasifu wazee. Mwaka 1976, katika mashindano ya Kombe la Kanada, alitambulishwa katika uwanja wa Toronto akiwa na jezi ya Sweden, tena dhidi ya Kanada yenyewe, na watu wakasimama kumshangilia. Novemba 2022 alirudi katika mji huo akiwa mgonjwa wa ALS, ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokwisha kumnyang'anya sauti. Darryl Sittler, nahodha wake wa zamani, alimwinulia mkono ili awapungie watu. Katika mechi ya wikiendi hiyo Maple Leafs walianza na wachezaji sita barafuni, mlinda mlango akiwemo, na wote sita walikuwa Waswidi. Salming alifariki tarehe 24 ya mwezi huohuo.