Imunotherapi kwa watoto wenye kansa: yale twayasikia mtaani na ukweli wake

Kuna voisi zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku Mombasa, ati kansa ya mtoto yatibika kwa kuongeza kinga tu, haba soda na asali na unga wa mlonge asubuhi na jioni, na ati hiyo ndiyo imunotherapi yenyewe. Jamani, siyo. Kinga ya mtoto yaweza kuwa nzima kabisa na bado isiione kansa, maana zile seli ni za mwili wake mwenyewe zilizoharibika, kinga yazipita ikidhani ni wenyeji. Kazi ya imunotherapi ni kuionyesha kinga adui ni yupi. Kwa mfano hii iitwayo CAR-T, mtoto hutolewa damu, zikachujwa seli T (askari wa kinga), zikapelekwa maabara na kutiwa jeni ya kuzifanya zitambue alama ya CD19 iliyo juu ya seli za leukemia, yaani kansa ya damu, zikazalishwa mpaka zikawa mamilioni, halafu akarudishiwa kwa dripu. Haba soda haifanyi hivyo hata ukinywa mtungi.

Lingine ni kwamba ati imunotherapi haina madhara kama kemo, zile dawa kali za kuua seli za kansa. Mtoto wa kwanza kupewa CAR-T ya leukemia, Emily Whitehead wa Marekani, mwaka 2012 akiwa na miaka 6, leukemia ilikuwa imemrudia mara mbili, na hiyo tiba nusura imuue: homa kali, presha ikashuka, akawekwa kwenye mashine ya kupumua. Madaktari wakampa tosilizumabu, dawa ya ugonjwa wa viungo, akaja kuamka siku anatimiza miaka 7, akapona. Na ile kingamwili ya nyuroblastoma (kansa ya watoto ianzayo kwenye seli changa za neva), dinutuksimabu, hushika pia mishipa ya fahamu, ndo maana mtoto huwekewa mofini wakati inaingia.

Ati yatibu kansa zote? La. Dawa za kuiondolea kinga breki, zilizotokana na ugunduzi wa wanasayansi Allison na Honjo, waliopata Nobel 2018, zimesaidia watu wazima wengi lakini kansa nyingi za watoto hazizisikii, kwa sababu zina mabadiliko machache ya jeni na kinga yakosa pa kushika.

Sasa hili ndilo laniuma zaidi, mzazi kusikia kuna dawa mpya ng'ambo akamtoa mwanawe kwenye kemo aanze harambee, kwa kuambiwa kemo imepitwa na wakati. Utafiti mkubwa uliotolewa Desemba 2024, wa watoto 1,440 wenye leukemia, ulifanya kuongeza blinatumomabu, dawa ya imunotherapi, JUU ya kemo, haukuiondoa. Baada ya miaka 3 waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 96, na wa kemo pekee karibu 88. Na wale wanaosema utafiti ni kufanya watoto panya, wajue hapo hakuna mtoto aliyenyimwa tiba, na tofauti ilipoonekana mapema kule kuwagawa makundi kukasimamishwa.

Burkitt nayo, kansa ya tezi limfu, ni hivyo hivyo, rituksimabu, kingamwili nyingine, hupewa pamoja na kemo. Hii sisi watu wa pwani twafaa tuijue sana maana yaenda na malaria na virusi vya Epstein-Barr, na yakua mbio, yaongezeka maradufu kwa siku chache. Taya lafura, meno yalegea, mtoto apelekwa kung'olewa jino, halafu waambiwa ni zongo, laandikwa kombe kwa zafarani, wiki zapita. Dua muombee, kombe mnyweshe, hakuna anayekukataza, lakini siku hiyo hiyo mpeleke hospitali kubwa ya Makadara (Coast General) hapa Mombasa au yoyote yenye kitengo cha kansa, na wakitaka kukata kinyama kidogo wapime wakubalie dadangu, kwa sababu bila hicho kipimo hakuna daktari atakayejua aanze na kemo gani.