Mzigo tunaomwongezea aliyeumia: dhana nne na ukweli wake

Katika huduma hapa Goma, mashariki mwa Kongo, swali linalonichoma moyo kuliko mengine ni hili: "Pasta, nilimukosea Mungu nini?" Anayeuliza huwa mama ambaye nyumba yake imefukiwa na lava, ule uji wa moto wa mlima, au baba aliyezika mtoto. Hawakulitunga wenyewe. Wamelisikia mimbarani kwetu, na ndiyo maana nasema hapa na wachungaji wenzangu kwanza.

"Mlima ulilipuka kwa sababu ya dhambi za mji"

Nyiragongo, mlima wa moto ulio jirani na mji wetu, ulipolipuka usiku wa 22 Mei 2021, hatukukawia kumfungulia kila mtu habari za Sodoma. Lakini mlima huu uko kwenye bonde la ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inaachana polepole, na lava yake ni nyepesi sana. Ikipata ufa ubavuni mwa mlima, hushuka mbio. Ilishuka hivyo 10 Januari 1977, ikashuka tena 17 Januari 2002 na kukata katikati ya mji mpaka ziwani. Mwaka huo wa 2002 ilibomoa Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Anayesema moto ulikuwa unawatafuta waovu atueleze kwa nini ulipita juu ya altare.

Bwana Yesu alilizungumzia jambo hili waziwazi katika Luka 13. Watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, je, walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Ni kweli, papo hapo aliwaita watu watubu, lakini aliwaita wazima waliokuwa wakimsikiliza. Waliokufa hakuwasema vibaya hata kidogo.

"Mwenye imani hanywi dawa"

Luka mwenyewe alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa. Paulo huyohuyo alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto, na hakuandika kwamba Trofimo alipungukiwa imani.

Jirani zetu wa Bukavu wana habari njema zaidi ya kutufundisha. Denis Mukwege, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018, ni mtoto wa mchungaji. Alipokuwa mdogo alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini hakumpa dawa. Baba akasema ukweli kwamba yeye si daktari. Mtoto akaamua kuwa daktari, ili baba aombe na yeye atibu. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake kazi.

Sisi wa Goma tunakumbuka pia Julai 2019. Mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa mjini mwetu alikuwa ndugu yetu katika huduma, aliyetoka kuhubiri Butembo. Alikufa. Simlaumu, kwa sababu kumwekea mgonjwa mikono ni kazi tuliyoitiwa. Lakini upendo haukizuii kirusi kupita tunapogusa majimaji ya mwili wa mgonjwa, na abiria wa basi alilopanda walikingwa kwa chanjo.

"Mtoto anayekojoa kitandani ni mchawi"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa tunaumiza watu wasioweza kujitetea.

Mambo huenda hivi. Biashara ya baba imekufa, au mimba ya mama mdogo imeharibika. Ndani ya nyumba kuna mtoto yatima aliyeletwa na shangazi. Anakojoa kitandani, anaongea usingizini, au anaanguka kifafa. Anapelekwa kwenye chumba cha maombi. Anafungiwa, anakatazwa chakula na maji siku kadhaa kwa jina la mfungo, anaulizwa tena na tena amekula nani. Mtoto mwenye njaa atakubali lolote. Akishakubali, familia inatajiwa bei ya ukombozi.

Kukojoa kitandani ni jambo la kawaida kwa watoto, na huongezeka kwa mtoto mwenye hofu au msiba. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inatoa kifungo kwa anayefanya hivyo. Kuwa na kanisa hakumtoi mtu nje ya sheria hiyo.

Najua nitajibiwa kwa Luka 9: mtoto yule aliyekuwa akitupwa chini na pepo. Tuisome basi mpaka mwisho. Yesu hakumhoji mtoto wala kumlaza njaa. Hakudai hata senti kwa baba. Na aya ya 42 inamaliza kwa kusema alimponya, akamrudishia baba yake. Huduma yoyote inayomaliza kwa mtoto kufukuzwa nyumbani na kulala sokoni Virunga imekwenda kinyume na andiko inalolishika mkononi.

"Kusamehe ni kutoshtaki"

Msichana amebakwa. Wazee wa familia mbili wanakaa, mbuzi wa fidia wanatajwa, na mchungaji anaitwa afunge kikao kwa sala. Sheria ya 2006 kuhusu ubakaji haitambui mapatano ya namna hiyo, na Injili haiyatambui vilevile: Zakayo alipookoka aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne, mbele ya watu. Msamaha ni wa aliyeumizwa, atautoa siku atakayoweza. Hakuna mjomba anayeweza kuutoa kwa niaba yake akachukua mbuzi.

Tena kuna hesabu ya saa. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza kabla saa 72 hazijapita, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu yake. Kikao cha familia kinaweza kula siku tatu nzima kwa kungoja tu mjomba afike kutoka Masisi. Kwa hiyo, wachungaji wenzangu, tukiitwa kwa jambo kama hilo, hata usiku, tutafute kwanza pikipiki ya kumfikisha msichana hospitali, na mama wa kanisa wa kukaa naye. Wazee watatungoja.