Blood Simple: muvi moja, nyimbo mbili na mtaalamu ambaye hajawahi kuzaliwa

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni kuhariri picha na sauti wananiuliza niwatajie muvi ya kujifunzia, wanategemea niseme kitu chenye magari kulipuka, mimi nawatajia Blood Simple ya 1984 ya ndugu wawili, Joel na Ethan Coen, alafu nawauliza: unayo ipi? Hapo wanashangaa. Manake hii muvi imetoka kwa matumizi ya nyumbani kwa sura tofauti, na tofauti sio kava tu, ni urefu, ni wimbo, na kuna toleo moja ambalo limewekewa uongo mtupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa makusudi.

Stori kwanza, na kama hujaiona nitakuharibia utamu kidogo, nisamehe, haikwepeki. Tuko Texas. Jamaa anaitwa Marty ana baa, mke wake Abby anatoka na Ray ambaye ni mfanyakazi wa hiyo hiyo baa. Marty anamkodi mpelelezi wa binafsi, Visser, mzee mnene mwenye suti ya njano na kicheko kibaya, awafuatilie, akishaletewa picha anapanda hasira anampa dili la dola 10,000 awaue wote wawili. Visser anafanya hesabu zake: kwa nini niue wawili wakati naweza kutengeneza picha feki za maiti, nichukue hela, alafu nimpige risasi anayelipa? Anafanya hivo, na bastola anayotumia ni ya Abby. Ila anasahau kiberiti chake cha gesi mezani, kimefunikwa na samaki ambao Marty alivua na sasa wanaoza. Ray anaingia, anaona bastola ya Abby sakafuni, anaamini Abby ndo kaua, basi kwa mapenzi yake anaanza kudeki damu kwa koti la nailoni ambalo halinyonyi kitu, linaisambaza tu. Anapakia maiti kwenye gari. Maiti haijafa.

Kuanzia hapo hakuna hata mtu mmoja kwenye hiyo muvi anayejua kinachoendelea. Abby anadhani Ray ndo kafanya, Ray anadhani Abby ndo kafanya, na kila mmoja anamwonea mwenzake huruma na kumwogopa kwa wakati mmoja. Sisi tuliokaa kwenye kochi ndo tunajua kila kitu, na kicheko chote kimejengwa hapo. Hakuna utani wa mdomoni, hakuna mtu anayejaribu kuchekesha, steringi mwenyewe hayupo wa kueleweka. Ray baada ya usiku ule wa kuzika mtu anampigia Abby simu kumwambia anampenda, na Abby anajibu ahsante. Basi. Ukikata ile sekunde ya ukimya kabla ya ahsante, huna tena cha kuchekea, una mtu kapiga simu tu.

Ndo maana nasema matoleo yana umuhimu. Muvi ya mapigano unaweza kuipunguza dakika tatu na hakuna atakayelalamika, lakini hii inaishi kwa muda, picha imekaa kiasi gani kabla ya kukatwa, sauti imeingia lini, feni ya darini imezunguka kwa muda gani kabla mtu hajaongea.

Pesa zenyewe walizipata kwa kuhangaika. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 1.5, nyingi kwa mtu asiye na jina, kidogo sana kwa Hollywood. Joel alikuwa ameshafanya kazi kama mhariri msaidizi kwenye The Evil Dead, muvi ya kutisha ya mwongozaji Sam Raimi, na kwa Raimi walijifunza ule ujanja wa kutengeneza trela KABLA ya muvi. Wakarekodi kipande kifupi, ndani yake kuna ukuta unaotobolewa na risasi na mwanga unapenya kwenye matundu, wakabeba projekta wakawa wanazunguka majumbani kwa watu wenye hela kule Minnesota kwao wakiomba wachangie. Wakarekodi Austin, Texas, mwaka 1982. Karibu kila mtu alikuwa ndo anaanza: mpiga picha Barry Sonnenfeld alikuwa hajapiga muvi kubwa ya kuigiza kabla, Carter Burwell hajawahi kutunga muziki wa muvi, na Frances McDormand, Abby mwenyewe, ilikuwa kazi yake ya kwanza kwenye kamera. M. Emmet Walsh ndo alikuwa mkongwe, na alipata tuzo ya Independent Spirit ya mwigizaji bora wa kiume kwa ile Visser, kwa haki kabisa. Muvi ikachukua tuzo kubwa ya jopo kwenye tamasha la Utah mwaka 1985, lile ambalo leo tunaliita Sundance.

Sasa tuje kwenye wimbo, hapa ndo mambo yangu. Kwenye jukiboksi ya baa, ile mashine ya kuchagulia nyimbo, na tena mwisho kabisa Visser akiwa amelala chini ya sinki anaangalia tone la maji likijikusanya kwenye bomba, unasikia It's the Same Old Song ya kundi la Four Tops, ngoma ya 1965 ya lebo ya Motown, ya furaha, ya kuchezeka, na picha inakatika wimbo unaendelea kama vile hakuna aliyekufa. Ni utani katili kuliko wote humo ndani. Ila aliyenunua kanda ya VHS Marekani alikuta Four Tops hawapo, kuna Neil Diamond anaimba I'm a Believer.

Kwa nini? Haki za muziki. Watu wengi wanadhani ukishalipia wimbo kwenye muvi umemaliza, hapana. Kuna ruhusa ya mtunzi ya kuuweka wimbo juu ya picha, kuna ruhusa ya mwenye rekodi yenyewe, na zote mbili zinaandikwa kwa matumizi maalum: kumbi za sinema ni kifungu kimoja, televisheni kingine, kaseti za kupeleka nyumbani kingine. Miaka ile ya mwanzo wa themanini soko la kaseti lilikuwa changa, mtengenezaji mdogo akilipia kumbi anaona amefika, kaseti ikija kutoka, mwenye rekodi anataja bei mpya, na kama huwezi unabadilisha wimbo. Hata leo vijana wanaonileteeaga kazi wameweka ngoma ya msanii mkubwa nawauliza ruhusa yako imetaja mtandaoni au imetaja ukumbini tu, wananyamaza. Na I'm a Believer sio wimbo mbaya, ila unakuambia mapenzi ni ya kweli, hivo ukiuweka juu ya sura ya Visser unapata utani mwingine kabisa, mwepesi mno kwa maoni yangu.

Mwaka 2000 ndugu wakarudi nayo kumbini kama toleo la waongozaji. Kawaida toleo la mwongozaji linakuwa refu, mtu anarudisha vyote alivyokatiwa na studio. Hawa wakafanya kinyume, wakaipunguza kama dakika tatu, wakaibana, na Four Tops wakarudi. Kwa hiyo angalia kituko: ukitaka urefu wa mwanzo unapewa wimbo usio wenyewe, ukitaka wimbo wenyewe unapewa muvi iliyopunguzwa. Mimi naipenda fupi zaidi, mikato yake ni mikali, ingawa kuna mwalimu wangu mmoja wa uhariri hataki kabisa kusikia hilo.

Na kabla muvi haijaanza anatokea mzee mmoja amevaa kiungwana, anajitambulisha kama Mortimer Young wa kampuni ya Forever Young inayokarabati filamu, anakueleza kwa majivuno jinsi walivyoiboresha kazi. Hakuna mtu huyo, hakuna kampuni hiyo. Kwenye DVD iliyotoka 2001 wakazidisha: ukiwasha komentari, ile traki ya sauti ambayo kwa kawaida mwongozaji anakaa anakusimulia alivyotengeneza, unamkuta Kenneth Loring, naye wa Forever Young, naye ni wa kubuni, anaigizwa na Jim Piddock na maneno wameandika Coen wenyewe. Kwa sauti ya msomi Loring anakuambia mbwa wa Marty ni roboti, nzi anayeruka ametengenezwa kwa kompyuta, ile sini ya mwanzo ndani ya gari waigizaji walicheza kichwa chini miguu juu na kinyumenyume ili taa za magari zipite kwa wakati sahihi. Anaongea muvi nzima bila kucheka hata mara moja!! Nimewahi kuwawekea wanafunzi bila kuwaambia, wakaandika notsi.

Ukitaka ukweli sasa, tafuta Blu-ray ya 2016 ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwenye diski. Picha imekarabatiwa kwa 4K, yaani kwa ukali mkubwa sana, Sonnenfeld pamoja na ndugu Coen wakaipitisha, na faida yake kubwa ni giza. Nusu ya hii muvi ni usiku, na kwenye DVD, ambayo ya Marekani ina pikseli 720 kwa 480 na mgandamizo wa zamani, weusi unavunjika vijiboksi, ile sini ya shambani Ray anachimba huoni kitu zaidi ya taa za gari. Kwenye Blu-ray unaona udongo. Humo humo Sonnenfeld anakaa na Coen wanachora juu ya picha kwa kalamu ya kielektroniki, kile kifaa cha wachambuzi wa soka, wanakuonyesha taa imewekwa wapi. Kuna ile picha ambayo kamera inateleza juu ya kaunta ya baa, inamkuta mlevi kalala, inapanda juu yake, inashuka inaendelea na safari, ndo aina ya kitu unachotaka kuelezwa na aliyekifanya.

Tahadhari moja kabla hujaagiza kwa ndugu yako aliyeko Marekani. Diski zimegawiwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinapokubali kuchezwa: Blu-ray ya Criterion ya kule imefungwa kanda A, deki zinazouzwa rasmi Afrika yote ni kanda B, haitafunguka. DVD nazo hivo hivo, Marekani ni kanda 1 na sisi Tanzania, Kenya na Uganda tuko kanda 5, walioko Oman na Dubai wako kanda 2. Deki nyingi za bei rahisi za DVD hazijali au zinafunguliwa kwa rimoti, ila za Blu-ray ni wabishi, mwambie akununulie na deki ya kanda zote au cheza kwa kompyuta yenye draivu ya Blu-ray na programu inayoelewa. Na ukipata ile DVD ya 2001 kwa bei ya kutupa ichukue tu hata kama picha ni mbovu, Loring yumo humo.