Majani ya mchungwa yakiungua ncha, pima maji ya kisima kwanza

Kiangazi kikikolea, wakulima wa pwani, kuanzia Mkinga na Pangani hadi Bagamoyo, hutuletea sisi tunaopima maji na udongo majani ya mchungwa yaliyoungua ncha, na karibu wote huuliza dawa ya kupulizia. Dawa haipo. Ncha ikiungua, kisha ukingo, kisha majani yakapukutika na kuacha vijiti vitupu, mara nyingi ni chumvi ya maji ya kisima, si ukungu.

Maji yakizidi desisimensi 1.1 kwa mita (dS/m, kipimo cha chumvi kwenye maji), mavuno ya michungwa huanza kushuka. Yakifika 3.2, tarajia nusu. Maji ya 1.6 mtu anayanywa bila kukunja uso, na tayari sehemu ya kumi ya machungwa imepotea. Kwa hiyo "maji yetu ni matamu" si kipimo. Tunaomba lisiandikwe tena kwenye fomu palipoulizwa ubora wa maji.

Kinachoua miti mingi ni ndoo moja kila jioni. Inalowesha juu tu, jua linanyonya maji, chumvi inabaki mizizini. Panua kisahani, yaani kishimo cha maji kuzunguka shina, hadi kivuli cha mti kinapoishia, mwagilia mara chache lakini kwa kina. Kwa maji ya 1.5, karibu moja ya tano ya unachomwaga lazima ipite chini ya mizizi, iondoke na chumvi. Usinyunyizie majani, maana nayo hunyonya chumvi. Tandaza nyasi kavu, zisiguse shina. Mbolea ya MOP (kloridi ya potasiamu) inaongeza kloridi, sehemu ya chumvi inayounguza majani, chagua salfeti ya potasiamu. Jasi husaidia udongo uliofungwa na sodiamu. Haigeuzi maji ya chumvi kuwa maji yasiyo na chumvi, hata ukimwaga gunia zima.

Manyunyu ya kwanza ya vuli yakianza, wengi huzima pampu. Msizime! Mvua hiyo ndogo huteremsha chumvi yote iliyokauka juu hadi kwenye mizizi. Endeleeni kumwagilia mpaka mvua ishike.

Anayepanda upya aulize kitaluni mche umebebeshwa juu ya nini. Mashina ya chini ya aina ya Cleopatra na Rangpur huzuia kloridi vizuri kuliko limau la ganda lenye mabonde.

Sasa kuhusu kuchimba kisima kiende chini zaidi ili kukwepa chumvi. Pwani, maji baridi (yasiyo na chumvi) huelea juu ya maji ya bahari. Usawa wake ukishuka mita 1, maji ya chumvi yanaweza kupanda takriban mita 40 kutoka chini. Kurefusha kisima ni kuyafuata. Tena, kisima kirefu kinahitaji kibali cha kuchimba kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, na mchimbaji awe na leseni. Kibali hicho si kibali cha kutumia maji. Cha kutumia maji huombwa peke yake, hutaja kiasi cha kuvuta, na kina ada ya kila mwaka. Kuvuta bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na adhabu zake ni pamoja na faini na kifungo. Kutojua sheria si utetezi.

Ukileta sampuli, washa pampu nusu saa kwanza. Suuza chupa safi ya lita 1 mara tatu kwa maji yaleyale, ijaze hadi mdomoni, andika kijiji, kina cha kisima na tarehe. Udongo uchukuliwe chini ya matawi, sentimita 0–30 na 30–60, mifuko miwili tofauti. Chupa iliyokuwa na soda hatupokei.