Si kila kituo ni stesheni

Wiki iliyopita, kwenye treni ya jioni kutoka Kampala, mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa anampa mgeni wake maelekezo kwa simu. "Panda treni, shuka stesheni ya Namanve, pale mwisho wa reli." Mgeni akauliza kitu, mama akarudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Baadaye nilielewa kwamba mgeni huyo anatoka Tororo, mji wa mashariki karibu na mpaka wa Kenya, mbele zaidi ya Namanve kwenye reli hiyo hiyo. Mtu wa Tororo akiambiwa mwisho wa reli, hawezi kufikiria Namanve, kwa maana reli anaiona ikipita mjini kwao kila siku. Si mara ya kwanza kusikia maneno ya reli yakichanganywa hivyo, na kwa kuwa treni ya abiria imerudi maishani mwetu tangu ile ya Kampala hadi Namanve ilipoanza Desemba 2015, nadhani yanastahili kuwekwa mahali pake.

Maana zenyewe ni fupi. Kituo ni mahali popote treni inaposimama ili watu wapande au washuke. Stesheni ni kituo chenye kazi ya ziada: hapo ndipo treni zinapopangwa, zinapopishana, na zinaporuhusiwa kuingia kwenye kipande cha reli kinachofuata. Njia panda ni pale reli moja inapogawanyika kwenda pande mbili. Mwisho wa reli ni pale vyuma vyenyewe vinapokoma. Basi kila stesheni ni kituo, ila vituo vingi si stesheni, na mahali pamoja panaweza kubeba majina mawili kwa wakati mmoja.

Kinachonisumbua zaidi ni hayo mawili ya kwanza, kituo na stesheni. Wengi huyaona ni neno moja lililovaa nguo mbili, moja la shuleni na moja la mtaani.

Kituo ni neno letu, limezaliwa na kitenzi kutua. Ndege hutua mtini, jua hutua magharibi, na mtu mwenye mzigo mzito kichwani humwambia mwenzake, "Nitue." Wapagazi wa misafara ya zamani walipofika mahali pa kupumzika walitua mizigo, na mahali hapo pakawa kituo. Washairi huita mstari wa mwisho wa ubeti kituo kwa kuwa hapo ndipo ubeti unapotua, na mwalimu wa sarufi anapotufundisha alama za vituo anatuonyesha mahali pa kupumzisha sauti. Neno hili halidai jengo, wala saa ukutani, wala dirisha la tiketi. Mwembe wa kando ya njia unatosha kuwa kituo, ilimradi watu wanatua hapo.

Stesheni ni mgeni. Tumeipata kwa Waingereza, nao wameitoa kwenye Kilatini, statio, yaani kusimama mahali. Lakini Warumi walikuwa na maana nyingine ya neno hilo, na hii ndiyo ninayoipenda: statio ilikuwa pia zamu ya askari. Mlinzi aliyekuwa kwenye statio alikuwa lindoni, haruhusiwi kuondoka mpaka apokelewe. Hata siteji, tunayosema kila siku kwa ajili ya boda na teksi, imetoka kwenye shina hilo hilo la kusimama, nayo imepitia Kifaransa cha kale kabla ya kufika kwenye Kiingereza. (Lugha zetu zimekuwa zikipokea hivi tangu reli ilipokuja. Eggaali y'omukka ya Waganda ni gari la moshi letu neno kwa neno, na hilo gari wote tumelitoa India.)

Nimeirudia habari ya mlinzi kwa sababu inaeleza kazi ya stesheni kuliko jengo lolote linavyoeleza. Reli yetu kutoka Malaba hadi Kampala ni njia moja, vyuma viwili vilivyoachana kwa mita 1. Treni moja ikitoka Jinja kuja Kampala na nyingine ikitoka Kampala kwenda Jinja, hakuna namna ya kukwepana katikati ya mashamba ya miwa. Ni lazima moja iingie pembeni na kusubiri, na ni lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema ipi isubiri na ipi ipite. Mahali penye njia hiyo ya pembeni na mamlaka hayo ndipo stesheni, hata kama jengo lake ni dogo kuliko duka la mtaani. Mahali pasipo na mambo hayo ni kituo tu, hata kama wamejenga jukwaa zuri, paa jipya na mabenchi ya chuma.

Kwa hiyo ukitaka kujua uko wapi, usitazame jengo. Tazama chini, uhesabu njia. Ukiona njia moja tu iliyonyooka, inaingia na kutoka bila kuchanua, uko kwenye kituo. Treni itasimama muda mfupi, kwa hiyo kusanya mizigo na watoto mapema na usogee mlangoni kabla haijasimama. Ukiona njia zimechanua kuwa mbili, tatu au zaidi, na swichi za kuhamisha magurudumu kutoka njia hii hadi ile, uko stesheni. Hapo treni inaweza kukaa bila sababu unayoiona. Nimewasikia abiria wakimlaumu dereva kwa uvivu, na iliniuma, kwa sababu dereva yule hakuwa na ruhusa ya kusogea hata hatua moja. Kulikuwa na treni ya mizigo inakuja upande wa pili, na aliyekuwa lindoni alikuwa anafanya kazi yake. Dakika zile walizozilalamikia ndizo zilizowafikisha nyumbani.

Njia panda sitakaa nayo sana. Panda ni tawi lililogawanyika, kama lile watoto wanalotengenezea manati, na reli hugawanyika vivyo hivyo. Wapo wanaoita njia panda kila mahali wanapoona treni mbili zimekutana. Sivyo. Treni zinazopishana hukutana na kuachana kwenye reli ile ile, lakini kwenye njia panda reli yenyewe inaachana. Tororo ndiyo njia panda yetu kubwa: vyuma vinavyotoka Malaba vinaelekea Jinja na Kampala, na tawi jingine linapanda kaskazini kwa Mbale, Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Mbulamuti kule Busoga ilikuwa njia panda pia zamani. Kampala nayo ni njia panda, ingawa watu hawaiiti hivyo, kwa sababu tawi la Port Bell linachomoka pale kwenda ziwani. Kwa abiria, jina hili lina onyo moja tu: kwenye njia panda, kuuliza treni inakwenda wapi si aibu.

Sasa mwisho wa reli. Maneno haya yana uzito katika Kiswahili chetu chote. Watanzania husema Kigoma mwisho wa reli, na anayesikia anaona ziwa mbele yake, vyuma vimefika mahali ambapo haviwezi kuendelea. Hapo ndipo maana ilipo. Ukifika mwisho wa reli, treni haiwezi kwenda mbele hata dereva akitaka. Kama inavutwa na kichwa kimoja, ni lazima kichwa kifunguliwe, kipite njia ya pembeni na kufungwa upande wa pili, na behewa lililokuwa la mbele linakuwa la nyuma.

Hapa Uganda mwisho wa reli umekuwa ukihama, na historia yake inafaa kukumbukwa. Reli iliyoitwa ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Wakati huo upande ule ulihesabiwa kuwa Uganda, kisha mwaka 1902 ukahamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuwa Kenya. Hivyo reli ya Uganda ikajikuta inaishia nje ya Uganda, na aliyekuja huku alipanda meli. Mwaka 1912 Busoga ikapata reli yake, kutoka Jinja hadi Namasagali, na Namasagali ikawa mwisho wa reli kwelikweli: ukishuka hapo unaingia kwenye meli ya mto kuelekea Ziwa Kyoga na Masindi Port. Njia kuu kutoka Kenya ilivuka Nile pale Jinja na kufika Kampala mwaka 1931.

Kwa miaka mingi Kampala ilikuwa mwisho wa njia hiyo kuu. Kisha reli ikasogezwa magharibi, ikafika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya migodi ya Kilembe, na Kampala ikaacha kuwa mwisho ikawa mahali pa kupita. Pakwach ikafikiwa mwaka 1964. Namasagali haina treni tena, bandari yake ilimezwa na maji yalipopanda miaka ya 1960, na majengo yakawa shule. Stesheni ya Kampala haikusogezwa, lakini aina yake ilibadilika kwa sababu ya vyuma vilivyoongezwa kilomita nyingi kutoka hapo. Reli mpya ya upana wa milimita 1,435, ambayo mkataba wake wa kilomita 272 kati ya Malaba na Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024, itatuletea mwisho mwingine wa reli, nao huenda ukahama siku moja.

Namanve haimo kwenye orodha hiyo. Treni ya abiria ikigeuza pale, ni safari yake iliyokwisha. Vyuma vinaendelea mbele hadi Mukono, vinavuka Nile, vinapita Busoga na kufika mpakani. Tofauti yote imebebwa na neno moja dogo: nani anaishia, treni au reli?

Kwa hiyo, mama yangu wa treni ya jioni, mgeni akija tena mwambie hivi: "Treni inaishia Namanve, shuka hapo." Reli haiishii hapo. Inaendelea hadi kwao Tororo.