Mgao wa rasilimali: kazi ya lahajedwali katika ratiba ya mradi

Ukifungua ratiba ya ujenzi kwenye programu za kupangia miradi kama Microsoft Project au Primavera P6, kinachokupokea ni fito: kila kazi na ufito wake, unaoanza tarehe hii na kuishia tarehe ile. Ni picha nzuri, na bosi akiiona imebandikwa ukutani anaridhika. Lakini ufito hausemi nani ataishika kazi hiyo, wala kama mtu huyo siku hiyohiyo hajapangwa kwingine. Kujibu swali hilo, kazi kwa kazi na siku kwa siku, ndiko kunakoitwa mgao wa rasilimali.

Rasilimali hapa si fedha peke yake. Ni fundi nondo, saidia fundi, mashine ya zege, mifuko ya saruji. Programu huzitenganisha: watu na mashine huhesabiwa kwa saa na kesho wapo tena, ila saruji ikishamwagwa imekwisha. Watu wana kikomo pia. Kwenye Microsoft Project, mtu mmoja wa kutwa nzima huandikwa asilimia 100, kwa hiyo kundi la mafundi sita ni asilimia 600.

Hesabu ya njia nyeti (critical path), yaani ya kutafuta mlolongo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana, ambayo ratiba hizi zimesimama juu yake, ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya DuPont ikiwemo. Inauliza mambo mawili tu: kazi inachukua muda gani, na inasubiri kazi ipi. Idadi ya mafundi wako haiihusu, kana kwamba unao wa kumwaga. Ndiyo maana ratiba inaweza kuwa sahihi kabisa kwa mantiki yake na bado isitekelezeke.

Tuchukue shule inayojengwa majengo mawili ya madarasa. Kufunga nondo za msingi wa kila jengo kunahitaji mafundi 4 kwa siku 5. Jengo A linaanza Jumatatu, jengo B Jumatano. Mafundi nondo waliopo saiti ni 6. (Tuseme Jumamosi hakuna kazi, ingawa saiti nyingi ninazozijua Jumamosi ni siku kama nyingine.) Ukiweka mahitaji kwenye shiti, yaani lahajedwali kama ya Excel, safu moja kwa kila jengo na safuwima moja kwa kila siku, unapata hivi:

| | Jtatu | Jnne | Jtano | Alh | Iju | Jtatu | Jnne |
|---|---|---|---|---|---|---|---|
| Jengo A | 4 | 4 | 4 | 4 | 4 | – | – |
| Jengo B | – | – | 4 | 4 | 4 | 4 | 4 |
| Jumla | 4 | 4 | 8 | 8 | 8 | 4 | 4 |

Siku tatu zinadai mafundi 8 na wewe unao 6. Programu nayo italiona hilo. Microsoft Project huweka kialama chekundu cha mtu pembeni ya kazi. Lakini alama hiyo inakuambia tu kwamba kuna tatizo, wakati jedwali linakuonyesha ukubwa wake: wanapungua wawili, kwa siku tatu, kisha wiki inayofuata wawili wanakaa bure.

Programu pia ina amri ya kusawazisha yenyewe. Kwa kawaida inachofanya ni kusogeza kazi mbele au kuikata vipande. Hapa ingelisukuma jengo B mpaka Jumatatu ya pili, na likiwa na mafundi wale wale 4 lingekwisha Ijumaa, siku tatu nyuma ya mpango. Sasa litazame jedwali tena kwa macho ya msimamizi wa saiti. Jengo B linadai siku 20 za fundi mmoja. Jumatano hadi Ijumaa kuna mafundi 2 walio huru: hizo ni siku 6. Zimebaki 14. Jumatatu wapeleke wote 6, Jumanne 6, Jumatano wawili wamalizie. Umechelewa siku moja badala ya tatu, na hukuajiri mtu. Kwangu mimi hapo ndipo lahajedwali inapostahili nafasi yake: mtu anaona mwanya ambao amri ya kusawazisha haikuufikiria.

Shida huanza unaporudisha namba hizo kwenye ratiba. Programu hufuata kanuni moja: saa za kazi ni sawa na muda mara idadi ya watu. Mafundi 4 kwa siku 5 za saa 8 ni saa 160. Ukibandika 200 mahali pa 160, lazima kitu kingine kisogee, na kitakachosogea kinategemea aina ya kazi (task type) uliyochagua kwenye programu. Kama idadi ya watu ndiyo iliyofungwa, na ndivyo Microsoft Project inavyokuja usipoigusa, muda unapanda hadi siku 6 na robo, na kila kazi inayosubiri hapo nyuma inasukumwa. Kama muda ndio uliofungwa, siku zinabaki 5 ila sasa unadaiwa mafundi 5. Namba ni ile ile, matokeo ni mawili tofauti. Kwa hiyo kagua aina ya kazi kabla ya kubandika chochote. Na ule mgao wetu wa 2, 2, 2, 6, 6, 2 usiuandike kama wastani. Uingize siku kwa siku kwenye mwonekano wa matumizi ya kazi (Task Usage), ambao wenyewe umekaa kama shiti.

Kosa jingine ni kuifanya Excel iwe ratiba. Haijui kwamba zege la msingi linasubiri nondo. Ukichelewesha nondo, tarehe ya zege inabaki palepale mpaka mtu akumbuke kuibadilisha. Mafahali wawili hawakai zizi moja: tarehe zitoke kwenye programu ya ratiba, shiti ibaki ya kupimia na kuhariri kwa wingi.

Kuhariri kwa wingi huko Primavera inakuruhusu moja kwa moja. Unatoa mgao wote kama faili la Excel, unabadilisha saa za mistari mia mbili kwa dakika chache, unalirudisha. Safuwima zenye alama ya nyota usihangaike nazo, ni za kusoma tu. Na ile safu ya juu kabisa yenye majina ya ajabu kama task_id na rsrc_id si uchafu. Ndiyo inayoiambia Primavera kila safuwima ni ya nini, na ukiifuta ili shiti ipendeze, faili halitapokelewa.