Msituoshee mifupa

Wiki hii tena, barazani hapa Lamu, mzee mmoja amenifungulia mimi, mtafiti wa DNA ya kale (chembe za urithi zilizobaki mifupani), leso yenye jino aliloliokota wakichimba msingi wa nyumba ya mwanawe. Jeupe, linang'aa. "Mwanangu, nimekuoshea kwa maji ya moto na sabuni. Sasa utaiona DNA vizuri."

Najua kwetu maiti huoshwa, na mzee alifanya kwa heshima. Lakini jamani, msituoshee! Udongo haunisumbui sana: DNA ya bakteria haifanani na ya mtu, kompyuta huitenga. Maji ndiyo balaa. Yanapenya kwenye matundu ya mfupa, yanaidhoofisha DNA ambayo joto la pwani limekwisha kuikatakata, kisha yanaingiza ya muoshaji. Na hiyo ni ya binadamu, sawa na ninayoitafuta.

Maabarani tunavaa suti na glavu mbili, tunasafisha uso kwa klorini na mwanga wa urujuanimno, tunatoboa unga kidogo (mfupa mgumu wa sikio la ndani ndio bora), tunauloweka kwenye EDTA (kemikali inayoondoa kalisi ya mfupa) na protinesi K (kimeng'enya kinachovunja protini), kisha silika, madini ya mchanga, inanasa DNA. Basi.

Kazi hasa ni kujua DNA ni ya nani. Ya kale ni vipande vifupi, vingi havifiki herufi 100, na kwenye ncha zake sitosini (herufi C) imeharibika hata mashine inaisoma kama taimini (herufi T). Uharibifu huo ndio ushahidi wetu. Ila jino likishikwashikwa miaka mingi kabatini, DNA ya walioshika nayo huanza kuharibika hivyo hivyo, na hapo sina kinga kamili. Kwa mwanamume naweza kupima uchafuzi kupitia kromosomu X, kwa kuwa anayo moja tu: nikikuta aina mbili, nyingine ni ya mgeni. Kwa mwanamke mara nyingi nabaki na mitokondria (vijisehemu vya seli vyenye DNA yao wenyewe), na kipimo hicho peke yake hakijawahi kunituliza moyo.

Utafiti wa mwaka 2023 uliosoma DNA ya watu 80, wakiwemo wa Manda na Faza hapa kwetu, ulitegemea mabaki yaliyovumilia yote hayo.

Mkikuta mfupa, uacheni na udongo wake, kivulini, mwite Makumbusho. Jino la mzee tumelipeleka huko pamoja. Ruhusa ikipatikana, nitatoboa ndani ya mzizi, ambako pengine sabuni haikufika.